Miswada ya Kale Mbele ya Kompyuta

Mtafiti wa adabu ya Kiswahili ambaye, katika zama za mkusanyaji wa miswada J. W. T. Allen, alitaka kulinganisha nuskha mbili za utendi mmoja, alilazimika kuwa msafiri kabla hajawa msomaji. Kwani nuskha ya kwanza yumkini ilikuwa ndani ya sanduku katika nyumba ya Lamu au Siyu, na ya pili imehifadhiwa London au Hamburg, na baina ya miji hiyo palikuwa na nauli, na ruhusa, na barua za utambulisho, na miezi ya kungoja majibu. Leo mtafiti huyo aweza kuziweka nuskha zote mbili sambamba juu ya kioo cha kompyuta, akakuza herufi moja mpaka ukaonekana mkwaruzo wa kalamu juu ya karatasi, na kazi hiyo akaifanya usiku mmoja bila kuondoka mezani pake. Badiliko hili ni kubwa, nami nalihesabu kuwa ni neema. Lakini wengi wanaolisifu husifu sehemu yake iliyo ndogo, yaani wepesi wa kuufikia mswada, wakaisahau iliyo kubwa, ambayo ni kwamba aina ya maswali tunayoweza kuyauliza imebadilika, na kwamba kadiri mashine inavyozidi kutuletea kurasa, ndivyo haja ya mtu ajuaye kuzisoma inavyozidi, wala haipungui.

Wanahistoria wa fani hii ya kuyachunguza maandishi kwa kompyuta hupenda kuanza na Roberto Busa, kasisi wa Kijesuiti wa Italia, aliyekuwa akichunguza dhana ya kuwapo katika maandishi ya mwanafalsafa Thomas Aquinas. Busa aligundua kwamba dhana aliyoitafuta haikukaa katika maneno makubwa yanayodhaniwa kuibeba, bali ilijificha katika kijineno kimoja cha Kilatini chenye maana ya ‘ndani’, ambacho msomaji wa kawaida hukipita bila kukiangalia. Ikambidi aandike kwa mkono kadi zipatazo 10,000 ili akifuate kila kilipotumika. Kutokana na taabu hiyo alikusudia, mwaka 1946, kutengeneza faharasa ya kila neno la mwanafalsafa huyo, na mwaka 1949 akaenda New York kuonana na Thomas J. Watson, mkuu wa kampuni ya IBM, aliyekubali kumsaidia kwa mashine za kadi zilizotobolewa. Wasichana wa mji wa Gallarate, kaskazini ya Italia, walifundishwa kuzitoboa kadi hizo, na kazi ikaendelea kwa miaka thelathini hata vitabu 56 vikatimia kupigwa chapa mwaka 1980, vikiwa vimekusanya maneno yanayokaribia milioni 11. Katika habari hii nalitazama jambo moja zaidi ya mengine: mashine ilipanga kwa kasi ambayo binadamu hawezi kuishindania, lakini kila neno lilipaswa kwanza kuhukumiwa na mtu ajuaye Kilatini, aseme shina lake ni lipi na limekaa katika hali gani, na huko ndiko ilikokwenda miaka.

Kiswahili nacho hakikubali kuhesabiwa kwa njia nyepesi. Programu iliyozoea Kiingereza hulichukulia neno kuwa ni kundi la herufi lililoko baina ya nafasi mbili. Kwa hiyo mtafiti akiiagiza imtafutie kitenzi andika, itamletea andika peke yake, na itayapita aliniandikia, na wakiandikiana, na yasiyoandikwa, na hatutawaandikisha, ambayo yote yametoka katika shina hilo hilo. Hivyo mtu akihesabu maneno ya diwani nzima kwa programu ya namna hiyo atapata tarakimu zenye sura ya ithibati na ndani yake hamna kitu. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kuijenga programu inayolichambua neno la Kiswahili kiungo kwa kiungo, ikatenga nafsi, na wakati, na yambwa, na shina, na mnyambuliko; na juu ya msingi huo likajengwa kusanyo la matini lililokuwa na maneno milioni 12.5 katika toleo lake la kwanza na kufikia milioni 25 katika la pili, kila neno limetiwa alama ya uchambuzi wake. Mwenye kutunga kamusi sasa aweza kuona kitenzi kinapendelea yambwa zipi, au neno fulani lilianza kuenea lini magazetini, mambo ambayo Frederick Johnson na Kamati ya Lugha, walipoitunga kamusi yao iliyotoka mwaka 1939, hawakuwa na njia ya kuyajua isipokuwa kwa kumbukumbu na kadi.

Lakini kusanyo hilo limejaa zaidi maandishi ya magazeti na vitabu na mijadala ya Bunge, nayo ni lugha sanifu ya bara na ya miji mikubwa. Aliulizaye juu ya matumizi ya Pate au Pemba atajibiwa na gazeti la Dar es Salaam, na jibu litakuja kwa haraka na kwa yakini, bila mashine kusema kwamba haimjui Mpate. Hatari hii nitairejea nitakapofika kwenye tendi, kwani huko ndiko hudhuru zaidi.

Tuingie sasa katika miswada yenyewe. Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ulioasisiwa mwishoni mwa karne ya 19 na Habib Swaleh bin Alwi Jamalilil, umehifadhi vitabu vya mkono vya fiqhi, nahau, tasawufi na maulidi, vingi vikiwa vya Kiarabu, ambavyo vilipigwa picha chini ya Programu ya Hifadhi Zilizo Hatarini ya Maktaba ya Uingereza katika kazi iliyoongozwa na mwanahistoria Anne Bang wa Norway. Kanuni ya programu hiyo ni njema: kitabu chenyewe hakitoki katika nchi yake, na nakala ya picha hubaki kwa wenyewe, nyingine ikapelekwa London.

Kupiga picha mswada si kama kupiga picha harusi. Kamera hufungwa juu ya nguzo ikielekea chini, taa mbili huwekwa ubavuni kwa mshazari ili karatasi isimeremete, na kando ya ukurasa hulazwa rula pamoja na kipande chenye rangi zinazojulikana, ili mtu aliye mbali, miaka mingi baadaye, apate kujua ukurasa ulikuwa na ukubwa gani na wino mwekundu ulikuwa mwekundu wa namna gani. Kitabu ambacho mgongo wake umekakamaa kwa hewa ya chumvi hakifunguliwi kikalala wazi, bali hutegemezwa kwa mito, kurasa za kulia zikapigwa zote kwanza, kisha za kushoto. Mpigaji aliye mvivu hukata pambizo ili picha ipendeze. Naye kwa kukata pambizo huwa ameharibu sehemu ya elimu. Chini ya ukurasa, pembeni, mwandishi wa kale huandika neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili karatasi zikifumuka zipate kurudishwa katika taratibu yake. Na pambizoni wanafunzi na mudarisi wao wameandika hashia, moja ikiwa na tarehe, nyingine ikiwa na shaka, nyingine ikimrudi aliyeandika kabla yake. Mwanahistoria wa leo huzitamani hashia hizo pengine kuliko matini yenyewe, kwa sababu matini ya fiqhi iliyo maarufu yapatikana Cairo na Tarim, ilhali swali la mwanafunzi wa Lamu halipatikani penginepo.

Kadhalika katika kurasa za mwanzo za vitabu vingi vya Riyadha mna maneno ya wakfu, yanayotaja ni nani aliyekitoa kitabu, na kwa ajili ya nani, na pengine mwaka. Tamko moja la wakfu likisomwa peke yake ni dua na jina. Lakini matamko ya maktaba nzima yakitiwa katika jedwali moja la kompyuta, majina yakapangwa kwa nasaba na miaka na mahali, huonekana mambo ambayo hakuna ukurasa mmoja unaoyasema: ukoo upi ulitoa vitabu kwa vizazi, wanawake gani waliweka wakfu, vitabu vya chapa kutoka Misri vilianza lini kukaa rafu moja na vya mkono, na njia gani ya elimu ilitoka Hadhramaut ikapita visiwani. Hapa ndipo nionapo faida ya kweli ya mashine, kwani hoja imetoka katika wingi wa vitu vidogo ambavyo jicho moja haliwezi kuvishika vyote kwa pamoja.

Sasa tufikie khati. Kiswahili kina irabu tano na khati ya Kiarabu ina irabu fupi tatu. Kasra moja hubeba i na e, na dhama moja hubeba u na o. Waandishi wa kale aghalabu hawakuiandika m wala n inayotangulia konsonanti nyingine, na be ilisimama pia mahali pa pe. Kwa hiyo be mbili zilizotiwa kasra, ambazo macho huziona kwa mara moja, zaweza kusomwa bibi, au pembe, au pepe, na msomaji hujua ni lipi kwa kuwa ameshajua utendi unasema nini. Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, katika karne ya 19, na baadaye Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, walijitahidi kuongeza alama ili sauti zote zipate herufi zao. Lakini miswada mingi iliandikwa na watu walioandika kwa ajili ya wasikilizaji waliokuwa wakiujua utendi kwa moyo.

Kuna programu leo zinazofunzwa kusoma mwandiko wa mkono, na iliyo maarufu miongoni mwazo, Transkribus, ilianzia Chuo Kikuu cha Innsbruck huko Austria. Haifunzwi kanuni, hupewa picha za mistari pamoja na usomaji ulioandikwa na mtu, maelfu ya maneno, mpaka ikaanza kukisia yenyewe mkono ule ule unavyoandika. Kwa mwandishi mmoja aliyeacha kurasa nyingi, kama Muhammad bin Abubakar Kijuma wa Lamu, ambaye mkono wake umeenea katika hifadhi za London na Ujerumani kwa sababu aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tendi nyingi, jambo hili lafaa sana. Hata hivyo iliyosoma be mbili zenye kasra imesoma be mbili zenye kasra. Haijasoma bibi wala pembe.

Ni katika nafasi hii ndipo ilipo hoja ninayoipenda kuliko zote, nayo ni kwamba fani yetu wenyewe imeshaandaa mizani ya kuihukumu mashine. Ubeti wa utendi una vipande vinne, kwa desturi kila kimoja cha mizani nane. Vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne hushika bahari inayotiririka tangu ubeti wa kwanza hata wa mwisho. Basi programu ikiambiwa itoe kila usomaji uwezekanao wa kipande kimoja, itatoa pengine makumi; na ikiambiwa itupe kila usomaji usiotimiza mizani nane, na kila usiokubaliana na kina cha vipande jirani, utabaki mchache, na pengine mmoja. Mshairi wa Pate aliyezifuata sharti hizo hakujua kwamba anamwachia mtu wa karne nyingine ufunguo wa khati yake, lakini ameuacha. Na kwa utendi mrefu kama Tambuka, wenye beti zaidi ya elfu moja, ambao nuskha yake iliyoko Hamburg hunasibishwa na mwaka 1141 wa Hijria, yaani 1728, kila ubeti unaosomeka humsaidia msomaji katika ule usiosomeka.

Lakini ajizi ya mashine iliyolelewa na magazeti hujitokeza hapo hapo. Mwandishi wa Lamu huandika mato, naye humaanisha macho. Huandika ndia, akamaanisha njia. Programu iliyojazwa Kiswahili sanifu italiona neno mato kuwa ni kosa, italirekebisha kuwa macho, nayo kwa kufanya hivyo itakivunja kina cha ubeti mzima, kisha italeta usomaji ambao mtu asiyejua Kiamu ataukubali kwa sababu unaeleweka. Kosa linaloeleweka ni baya kuliko lisiloeleweka, kwa kuwa halimstui mtu. Dawa yake ni kuipa mashine maneno ya Kiamu, Kimvita, Kipate na Kitikuu kwa ukamilifu ule ule iliopewa maneno ya Bunge, na maneno hayo hayatoki kwingine ila kwa wenye lahaja na wanazuoni wao. Marehemu Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa aliyejua kuusoma mswada uliowashinda wengine, na Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany aliyezijua istilahi za jahazi na za nyumba na za mitungo ya kale, hawakuwa na cheti cha kompyuta hata mmoja wao. Lakini orodha za miswada ya Chuo cha SOAS zinazopatikana leo katika intaneti zimefaidika na elimu ya watu wa namna yao kuliko na chombo chochote.

Nitapita upesi juu ya jambo linalopendwa na magazeti, nalo ni kumtambua mtunzi kwa kuhesabu maneno yake. Mwaka 2013 riwaya iliyotolewa kwa jina la Robert Galbraith ilichunguzwa kwa njia hiyo, ikaelekeza kwa J. K. Rowling, naye akakiri. Wapo wanaotamani kuyapima vivyo hivyo mashairi yanayonasibishwa na Muyaka bin Haji, ambayo mengi yametufikia kupitia kwa wakusanyaji Mwalimu Sikujua na William Taylor. Sioni kwamba itafaa. Riwaya ina maneno makumi ya maelfu, yameandikwa kwa uhuru wa nathari; shairi la Muyaka lina beti chache, limefungwa kwa vina na mizani, na mashairi ya majibizano hukopa makusudi maneno ya hasimu ili yamrudie mwenyewe. Njia hiyo hupima mazoea ya mwandishi, na hapa mazoea ya fani yamefunika ya mtu.

Mbali na maandishi, majengo nayo yamepimwa. Mradi uitwao Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town ulipeleka Kilwa Kisiwani na Songo Mnara mashine za miali ya leza, ambazo huzunguka mahali zilipowekwa zikapima umbali wa kila nukta ya ukuta unaozitazama, mamilioni ya nukta, hata msikiti mkuu na kasri la Husuni Kubwa vikawa na umbo kamili ndani ya kompyuta. Kilwa iliwekwa mwaka 2004 katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, ikaondolewa mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati na ulinzi wa fukwe. Umbo lile la nukta ni kipimo cha mwaka mmoja. Likilinganishwa na la miaka kumi baadaye huonyesha ni inchi ngapi za ukuta zimekwenda na maji, na upande gani. Kwa mjenzi anayejaza chokaa ni hati ya kazi, na kwa mwanahistoria wa ujenzi ni njia ya kupima upinde wa karne ya 14 bila kuegemeza ngazi.

Nani ashike nakala za kazi hizi zote? Mwezi Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wahalifu wa mitandao, na picha za miswada ilizozihifadhi hazikufikika kwa miezi mingi, miongoni mwazo zile ambazo watafiti wa ulimwengu mzima walikuwa wamezizoea kana kwamba ni za milele. Aliyekuwa na nakala ya Lamu ndani ya diski iliyoko Lamu hakupungukiwa na kitu. Kwa hiyo zile nakala zinazoachwa kwa wenyewe, ambazo pengine huonekana kuwa ni adabu tu ya kuwatuliza, ni sehemu ya hifadhi kamili, nazo zastahili umeme wa uhakika, diski zinazobadilishwa kila baada ya miaka michache, na mtu mwenye mshahara wa kuziangalia. Hifadhi ya Nyaraka ya Zanzibar, ambayo mkusanyiko wake wa miswada na vitabu vya Kiarabu umeandikwa tangu mwaka 2003 katika daftari la UNESCO la Kumbukumbu za Ulimwengu, yahitaji jambo hilo hilo. Tena tukumbuke kwamba kilichopigwa picha husomwa, na kisichopigwa husahauliwa kana kwamba hakikuwapo. Mwanafunzi ambaye hajatoka mbele ya kioo chake atatunga historia ya pwani kutokana na nyumba zilizokubali kufungua masanduku yao.

Imebaki sauti. Allen alipokusanya miswada kwa ajili ya maktaba ya Dar es Salaam alikusanya na kanda, na orodha yake iliyochapishwa mwaka 1970 inazitaja pamoja. Katika kanda za namna hiyo utendi husikika ukiimbwa kwa sauti yake, na mwimbaji, kwa mahali anapovuta pumzi na mahali anapokaza, huamua mara nyingi lile ambalo khati imeliacha wazi: kama ni u au o, kama neno limekwisha au laendelea. Kuzifunga kanda na kurasa, mstari kwa mstari, ili anayegusa ubeti kwenye kioo ausikie, ni kazi ambayo zana zake zipo tayari na gharama yake si kubwa. Ila utepe wa sumaku huchakaa, unga wake huambuka, na mashine za kuuchezea hazitengenezwi tena kwa wingi. Na utepe wa saa moja, kwa uangalifu unaoustahili, hauhamishwi kwa chini ya saa moja, mtu akiwa amekaa akisikiliza mwanzo hata mwisho na kuandika jina la mwimbaji, na mji, na mwaka, wangali hai wazee wanaozitambua sauti hizo.